Unga Mweupe Kwenye Betri

Ta. Mlio mmoja mkavu, halafu kimya. Ndivyo ninavyoukumbuka msimu ule wa kahawa nyumbani Igamba: harufu ya maganda yanayochacha nyuma ya mashine ya kukoboa, baridi inayouma masikio, na baba ndani ya pikapu akizungusha ufunguo, ta, anatulia, anazungusha tena, ta. Sisi watoto tulikuwa tumeshajipanga nyuma tayari kusukuma. Tukilisukuma gari mpaka likashika mteremko, liliwaka vizuri tu, likaenda Mlowo na kurudi bila shida. Likilala, asubuhi linagoma. Na baba alikuwa mtu wa kutafuta mkono wa mtu nyuma ya kila jambo. Kuku akifa, kuna mtu. Mvua ikinyesha kwa jirani ikaruka shamba letu, kuna mtu. Sasa gari linalokubali kusukumwa na kukataa ufunguo, kwake hilo halikuwa gari bovu hata kidogo. Kulikuwa na mtu, ila baba alikuwa bado hajamjua.

Alimjua siku alipofungua boneti. Kwenye kichwa kimoja cha betri kulikuwa na unga mweupe wenye ubuluu kwa mbali, umeumuka na kufunika nati yote. Nilikuwa karibu, nikanyoosha kidole, nikapigwa kofi la mkono kabla sijagusa. "Usiguse. Hiyo imewekwa," baba alisema kwa sauti ya chini, nami nikajua mambo yameharibika, maana baba alikuwa mtu wa kupayuka. Akafunga boneti taratibu na kwenda kunawa mikono.

Aliyeshukiwa ni Shangazi Eliza, dada yake mkubwa. Alifiwa na mume huko Ileje, akarudi nyumbani, akajengewa chumba na jiko nyuma ya vichanja vya kuanikia kahawa. Kosa lake la kwanza: aliomba apelekwe Kamsamba kufuata mchele, baba akakataa, naye akanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomponza. Angegomba angeonekana mtu wa kawaida. Kosa la pili: jioni gari likirudi, alikuwa na tabia ya kuegemea boneti aote joto la injini. Jamani, wote tuliota joto pale. Hata paka alilala pale, lakini hakuna aliyemshuku paka. Basi mama akaacha kututuma kwake kuomba moto. Shangazi akipita uani, mazungumzo yanakatika, na mimi, niliyekuwa nikilala kwake mara kwa mara, nikaanza kumwangalia vidole nione kama vina unga. Nilimwogopa hasa, mpaka nikawa nazunguka njia ya mbali kwenda chooni ili nisipite mlangoni kwake.

Baba aliitisha kikao cha ndugu Jumapili baada ya ibada. Kila mtu alijua cha kuamuliwa: Shangazi aambiwe arudi Ileje, ambako shemeji zake walikuwa wameshagawana shamba lake na nyumba wamempangisha mtu. Hakuwa na pa kwenda. Alisikiliza maneno yote akiwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, kisha akasema, "Mdogo wangu, kabla hujanifukuza, mwite fundi alitazame gari. Akisema ni dawa, nitafunga mzigo wangu mwenyewe." Mbele ya watu wote wale baba hakuweza kukataa.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka Mlowo, kijana mwenye haraka zake. Alimwambia baba awashe taa kubwa, kisha azungushe ufunguo. Ta, na taa zikafifia zikataka kuzimika. "Moto upo kwenye betri," alisema, "ila haufiki kwenye stata." Akafungua boneti, akaona ule unga, akaanza kulegeza nati kwa mikono yake mitupu huku wazee wakirudi nyuma. Akaomba maji ya moto na magadi. Hakuna aliyeinuka. Mama alimtazama baba, baba akatazama chini. Aliyeinuka ni Shangazi. Alirudi na birika kutoka jikoni kwake pamoja na magadi aliyokuwa akipikia maharage. Fundi akamwagia, povu likachemka, unga ukayeyuka wote. Akasugua kwa msasa, akakaza, akapaka grisi. "Ni kutu ya betri hii, mzee wangu. Hata yangu hufanya hivi," akasema. Baba akazungusha ufunguo, na gari likawaka palepale.

Nilitaka kupiga makofi. Nikageuka kuwatazama wakubwa, nikaona hakuna aliyefurahi. Baba mkubwa, kaka yao wa kwanza, alikohoa kidogo akauliza, "Maji yametoka kwa nani?" Akaongeza, "Na magadi?" Fundi alicheka akidhani ni utani, kisha akaona anacheka peke yake. Alijaribu kueleza habari za asidi, wakamshukuru, wakamwambia aende zake. Hakuna aliyelisema, ila lilikuwa usoni kwa kila mmoja: aliyeweka ndiye aliyeondoa. Shangazi hakufukuzwa, kwa kuwa gari limepona na ugomvi wa nini tena. Lakini jina lake halikusafishwa, na mpaka leo nikikumbuka zile sura napandwa na hasira.

Sasa naishi Tunduma na nina gari langu dogo. Likisema ta, nafungua boneti, nachemsha maji, na chai haijapoa nimeshamaliza. Wanangu wanajua kazi hiyo bila kofi la mtu. Ningependa kusema tumetoka gizani, lakini nawasikia watu wa hapa mpakani: duka la fulani likijaa wateja, kuna kitu; mtoto wa fulani akifeli, kuna mtu. Betri tumeielewa, binadamu wenzetu bado.

Pasaka hii nilikwenda Igamba kumsalimia Shangazi. Amezeeka, macho hayaoni vizuri. Niliomba maji ya kunywa. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza kabla ya kumpa mgeni, kuonyesha haina sumu, lakini sijaona mtu anayeonja maji. Yeye alichota, akanywa funda moja, akasubiri huku amenielekezea uso, ndipo akaninyooshea kikombe. Mama aliniambia amekuwa akifanya hivyo tangu ule mwaka wa kikao, kwa kila mtu, hata kwa mtoto mdogo.

"Shangazi, mimi ni wako," nikamwambia. "Nipe tu."

"Najua, mwanangu," akasema. "Kunywa sasa, nimeshaonja."