Mama Misumari Ajifunza Kukopa

Kwa miaka ishirini na sita fundi wa makochi yule hakuwahi kudaiwa hata sindano. Walimwita Mama Misumari kwa sababu akiwa kazini hubana misumari midogo midomoni, saba au minane, huitoa mmoja mmoja na kuigongelea kwenye kitambaa, huku akipiga soga na wateja na asimeze hata mmoja. Baba yake, fundi pia, alimrithisha nyundo na msemo mmoja: kukopa harusi, kulipa matanga. Nyundo ilishabadilishwa mpini mara nne. Msemo haukuguswa.

Kwa hiyo siku alipokwenda benki kuomba mkopo wa kwanza maishani, aliingia kifua mbele. Mwenye mabasi alikuwa amemwahidi kwamba mwaka mpya ukianza atamletea viti vya mabasi manne avivishe upya, ila kwa sharti awe na mashine ya kupigia pini kwa upepo. Kwa nyundo, alisema, viti vile vingezeekea kwa fundi. Bei ya mashine na pampu yake ikawa ndefu kuliko akiba ya Mama Misumari.

Kijana wa mikopo, shingo nyembamba ndani ya kola pana, aliandika namba ya kitambulisho, akangoja, akaiandika tena.

"Mama, kwenye mfumo huonekani."

"Sionekani vipi, na kiti chako nimekikalia? Tena sponji yake imekufa."

"Namaanisha huna alama za mkopo. Mtu akikopa akalipa kwa wakati, alama zinapanda. Akichelewa, zinashuka. Wewe hujawahi kukopa, kwa hiyo hatujui kama unalipa."

"Sijawahi kukopa kwa sababu najiheshimu!"

"Naamini, mama. Ila mfumo haujui."

Alitoka pale amevimba kama mto uliojazwa pamba kupita kiasi. Nyumbani akamkuta mumewe, fundi bomba, ananawa miguu uani, na wifi yake amekaa kwenye ngazi. Huyu wifi, dada wa mumewe, aliuza ndoo na mabeseni sokoni na jina lake la mtaani lilikuwa Bi Kesho. Alichokuwa nacho chote kilianza kwa mkopo: ndoo, baiskeli, hadi meno mawili ya mbele. Ukimdai alikujibu "kesho", na cha ajabu, kesho ikifika alikuja mwenyewe, noti zimekunjwa kiganjani. Mama Misumari alikuwa amemsema kwa miaka mingi kwamba yule mwanamke anaishi kwa jasho la watu.

"Wifi," alisema sasa akijibwaga kando yake, "benki wanasema mimi sionekani."

Akasimulia yote. Bi Kesho alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa simu, akabonyeza, akamwekea puani.

"Mimi naonekana. Soma hapo."

"Mia saba na thelathini na moja. Ndiyo nini?"

"Ndiyo mimi hiyo. Mtu mwema sana."

Mume alicheka hadi kopo likamponyoka. Mama Misumari alimtazama mumewe, akamtazama wifi, akaona dunia imevaliwa upande wa ndani nje.

"Basi nifundishe."

"Sema tena, kaka yangu asikie."

"Nifundishe kukopa, wifi, na sirudii."

Somo likaanza asubuhi yake kwenye karakana, katikati ya makochi yaliyovuliwa vitambaa. "Usikope usichoweza kulipa. Usipitishe tarehe. Hakuna uganga mwingine," alisema Bi Kesho. Wakachagua mkopo mdogo wa simu, wa kutosha kopo moja la gundi, muda wa kulipa siku thelathini. Mama Misumari alifumba macho, akabonyeza. Simu ikalia kwamba pesa zimeingia. Jasho likamtoka. Bi Kesho akaenda kununua maji ya kunywa, na aliporudi akamkuta mwanafunzi wake anatabasamu.

"Nimeshalipa."

"Umelipa nini?"

"Deni. Lilikuwa linanitazama."

"Wifi! Dakika kumi na moja! Hata mwenye pesa hajajua kama zimetoka!" Bi Kesho alikaa chini kabisa, sakafuni, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Si kosa. Lakini mfumo utajifunza nini kwako? Kwamba unatetemeka?"

Wakakopa tena. Safari hii Mama Misumari alizitoa pesa, akaziweka kwenye droo ya cherehani, asiziguse. Kila akichukua uzi alizisalimia.

"Umekopa hela za nini?" mumewe aliuliza.

"Za kurudisha."

Alilipa siku ya ishirini na nane. Akarudia mwezi uliofuata, na uliofuata. Mwezi wa nne, akiwa amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, simu ilileta ujumbe. Akausoma, akapiga kelele, misumari yote ikamtoka mdomoni na kutawanyika. Mteja akaruka juu ya kochi lake mwenyewe.

"Mia tano na kumi na mbili!"

"Za nini?"

"Zangu!"

Akamtangazia muuza magazeti. Akamtangazia fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, ambaye alidhani ni namba ya bahati nasibu na akamwomba wagawane. Siku ile alishona mto mmoja mara mbili na hakujali.

Hapo ndipo furaha ilipompanda kichwani. Alijipigia hesabu yake: kama mkopo mmoja mmoja umeleta alama zote hizi, mitano kwa pamoja si italeta mvua? Kwa wiki moja aliomba mkopo sehemu tano: mitandao miwili ya simu, chama cha akiba, duka la vifaa, na duka la vitambaa. Akakaa kusubiri mavuno. Alipoangalia tena, alikuta mia nne na arobaini na nane. Alikalia kochi lisilo na springi, akazama hadi magoti yakamgusa kidevu, akampigia Bi Kesho akiwa humohumo.

"Umefanya nini?" wifi aliuliza alipofika, akimvuta mikono yote miwili.

"Nimeongeza juhudi."

"Mitano kwa wiki! Wakikuona unabisha hodi kila mlango, watadhani nyumba yako inaungua." Akamwambia alipe minne na kubaki na mmoja tu, ule wa duka la vitambaa, achukue mzigo kidogo na alipe kila mwisho wa mwezi. Kisha sauti yake ikatulia. "Unafikiri nilizaliwa na mia saba? Mume wangu alipougua nilipitisha tarehe tatu mfululizo. Ilinichukua miaka miwili kupanda. Kila sarafu niliyolipa, niliihesabu mara mbili."

Mama Misumari hakujua hayo. Alikunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa.

"Nilikuwa nakusema, wifi."

"Najua. Nyumba ya kaka yangu ina kuta nyembamba."

Walitazamana, halafu kicheko kikawashinda wote wawili.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kwa mwendo wa sindano, tundu kwa tundu. Vitambaa vikija, malipo yakienda, siku mbili kabla ya tarehe. Mia tano na ishirini. Mia tano sitini na sita. Mia sita na moja. Fundi bomba alichora mistari ya chaki ukutani kila namba ilipopanda, kama watu wanavyopima urefu wa mtoto, na jioni alisimama kuitazama huku akisema, "Anakua, anakua." Majirani walianza kuuliza hali ya alama kabla ya kuuliza hali ya watu wa nyumbani.

Mwezi wa kumi na moja zilifika mia sita hamsini na tano. Mama Misumari alirudi benki, safari hii na wifi ubavuni. Kijana yuleyule aliandika namba, akatoa macho.

"Mama, unaonekana!"

"Vizuri?"

"Unang'aa."

Bi Kesho alipiga kigelegele ambacho kilimfanya mlinzi aingie mbio. Mkopo ulitoka wiki ileile.

Mashine ilifika juu ya mkokoteni, na mtaa mzima ukataka kuijaribu. Ilipiga pini ta-ta-ta-ta kama kuku wanaodonoa bati. Mume alipopewa zamu alibana mkono wa shati lake kwenye kochi, akabaki pale hadi shati lilipokatwa kwa mkasi, akisisitiza kwamba alikusudia.

Mwaka mpya viti vilikuja, na basi la kwanza lilikamilika kwa siku tisa. Rejesho la kwanza la mkopo lilikwishalipwa. Basi likiwa limeegeshwa tupu kwenye yadi, Mama Misumari alipanda kukagua kazi yake, na Bi Kesho akapanda nyuma yake. Wakajaribu kiti cha mbele. Wakajaribu cha pili. Kisha wakaanza kukimbizana kiti hadi kiti, wanawake wawili wa umri wao, wakijirusha, wakiruka, kanga zikiwaanguka.

Dereva alichungulia dirishani. "Mama zangu, mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote," alisema Mama Misumari, pumzi zikimwishia. "Tumekaa tu."