Kamba ya Mguuni kwa Zaina

Nilipokuwa mtoto, kule kwetu kati ya Kasongo na Kabambare, kulala mchana hakukuwa uvivu. Ilikuwa dalili ya kifo. Mtu akisinzia jua likiwa kichwani, wakubwa walisema: mchawi anamlimisha shamba lake usiku, ndiyo maana mchana amechoka. Msicheke. Na ninyi mnalimishwa usiku kucha na hizo simu zenu, tofauti ni kwamba mchawi wenu mmemnunua wenyewe.

Dada yangu Zaina alianza kusinzia kinuni. Mchi mkononi, kidevu kifuani. Tate, mama wa baba yetu, alimtazama mara moja, akaenda kusokota kamba ya nyuzi za mti wa mwale. Akafunga mguu wa Zaina pamoja na mguu wangu.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe uko muzito na hauna kazi. Mwenye shamba akikuja kumuchukua, achukue wawili. Tutaona kama ataweza."

Tukaishi hivyo. Mtoni wawili, chooni wawili. Zaina akianguka usingizini, nami chini.

Siku hizo Wabelgiji walikuwa wamemtuma munganga, daktari wao wa kizungu, kijana mwembamba aliyekataa kubebwa kwenye tipoyi, kile kiti cha mabegani mwa watu. Alisema mtu aliyebebwa haoni vyoo vya watu. Alivuka mito yote kwa miguu, kijiji kwa kijiji, akishika shingo za watu na kutafuta uvimbe wa malale, huo ugonjwa wa usingizi. Tulimwita Shika-Shingo. Alisema malale yanaletwa na nzi wa kivukoni, tufyeke vichaka. Vichaka tulifyeka. Lakini wenye uvimbe aliwapeleka lazareti, hospitali ya kuwatenga wagonjwa, kule Kasongo, na wawili wa kijiji chetu hawakurudi. Tukajua la kujua: wazungu wanakunywa damu yao.

Alipofika kwetu, Tate alitusukuma ndani ya ghala la mpunga, akafunga, akaketi mlangoni na ungo wake. Mle ndani hakukuwa na pa kugeukia. Vumbi la pumba puani, mpunga unachoma mgongo, kamba inakata kifundo cha mguu. Nilikojoa palepale. Nje nikasikia sauti ya anfirmie wake, muuguzi wa kumsaidia, mtu wa Kabambare.

"Mama, watoto wako iko wapi?"

"Kwa shamba."

Zaina akaanza kukoroma. Nikamziba mdomo, nikaogopa nitamuua, nikaachia.

"Na hii inalia ni nini?"

"Paka."

"Paka gani inakoroma hivi?"

"Ya kwetu. Ya kwenu inakoroma namna gani?"

Mlango ukafunguliwa. Vidole vya munganga vilikuwa baridi. Shingo yangu akaiacha. Ya Zaina akairudia, halafu akatoa kisu akate kamba. Tate akatupa ungo, akamkamata mkono. Kumkamata muzungu mkono, wakati ule! Watu walichapwa fimbo kwa makosa madogo kuliko hayo.

"Kata," akasema Tate, "na mutoto anakufa leo."

"Mama, watakufunga!" anfirmie akapiga kelele.

"Wanifunge. Kamba haikatwi."

Munganga alitazama kisu, akatazama miguu yetu. Akakirudisha mfukoni.

"Basi," akasema kwa Kiswahili chake kibovu, "watoto mbili inakuja, na kamba inakuja."

Tulikwenda hivyo hadi Kasongo, tukichechemea, naye nyuma yetu, bila kutuharakisha. Lazareti ilikuwa na ua mrefu wa miti, na askari langoni. Mimi mzima nikakaa ndani na wagonjwa, nikiwatazama wanaofunikwa shuka asubuhi. Sindano zilimwondolea Zaina usingizi. Zikamwondolea na macho. Munganga aliporudi nasi kijijini, Tate alimpapasa Zaina uso, akamgeukia munganga.

"Umenirudishia nusu."

 

Ikapita miaka mingi, akaja tena uani kwetu, nywele zimepungua, bado kwa miguu. Akashika shingo ya Zaina, akaketi kigodani, akaanza kuuliza habari za macho. Akasinzia katikati ya neno. Jua kichwani. Anfirmie wake akatazama chini.

Tate, mgongo umeshapinda, aliingia ndani akatoka na kamba. Akaifunga kifundoni pa yule muzungu. Nikadhani ncha ya pili ataifunga kwenye kigoda. Akaifunga mguuni kwake mwenyewe, akaketi kando yake, akavuta ungo.

"Huyu naye wanamulimisha," akasema. "Achukue wawili."

Munganga alizikwa Kasongo kabla ya mvua. Kamba haikumponya, na haikumponya Zaina. Sindano ndiyo iliyomponya, kwa bei yake. Nimezika watu wengi tangu hapo, na wengi walikufa na dawa kando ya mto wa kulalia, mlangoni hakuna mtu. Ndiyo maana mjukuu wangu akiugua, namwita munganga. Halafu nahamishia mkeka wangu mlangoni pake.