Mgongo wa Shemeji Enid

Hadithi hii hamtaiamini, wapwa zangu, na wala sitawalaumu. Mimi nilikuwepo, nikatia mkono wangu, na bila mimi isingetokea. Lakini kila nikiisimulia kule baa, ng'ambo ya kilima, watu wananiambia, "Cliff, kunywa bia yako." Basi nimeamua kuiandika. Maneno ya karatasini hayakatizwi na walevi.

Kuna tatizo moja tu. Shule niliiacha mapema, kabla haijaniacha yenyewe, na mpaka leo siwezi kuandika neno bila kulitamka kwa midomo. Sauti haitoki, ila midomo inacheza. Kwa mtu mwingine si hoja. Lakini mimi naandikia hapa dirishani, na dirisha linalotazamana na langu, ng'ambo ya uchochoro, ni la shemeji yangu Enid Ormerod, mjane wa kaka yangu Harold. Enid alianza kufuma kiwandani akiwa bado msichana, na mfumaji wa hapa kijijini Owlerclough hana haja ya kusikia sauti yako. Akiuona mdomo wako, umekwisha.

Mlikuta kiwanda kimeshakuwa fleti, na watu wa mjini wanapika tambi pale tulipokuwa tunapaka mashine mafuta. Enzi zetu mashine zilikuwa mamia katika ukumbi mmoja, na zikianza kupiga, hata radi ikidondoka mlangoni husikii. Kwa hiyo wanawake waliongea kwa midomo mitupu, nyuso zikivutika kama mpira. Mapishi, uzazi, matusi, sala ya mchana, yote yalipita hewani bila sauti, kutoka ukuta huu hadi ule. Na sisi mafundi wa mashine ndio tuliokuwa chakula chao. Walisema kuna fundi aliyeweka kioo kando ya kitanda ili aone anafananaje akiwa amelala. Uongo mtupu. Mimi kioo nilikiweka miguuni.

Enid na Bessie Kershaw walifuma wakitazamana, mashine zao zimepeana migongo. Walikuwa kitu kimoja. Mkate wa nyama wa Enid ukiungua, Bessie ndiye anayekohoa. Wakienda kanisani waliendelea na mazungumzo katikati ya mahubiri, kila mmoja na benchi lake, midomo inakwenda, mchungaji anadhani wanaungama dhambi.

Sasa sikieni. Kabla ya kuolewa na kaka yangu, Enid alishika mimba. Alimwambia Bessie peke yake, kwa midomo, nyuma ya nguzo. Bessie naye, kwa furaha wala si kwa ubaya, akamgeukia mwenzake mmoja akamwambia. Alisahau jambo ambalo hata mtoto wa mfumaji analijua: mle ndani hakuna kunong'ona. Ukimwambia mmoja umeambia kila mwenye macho. Habari ikaruka mdomo kwa mdomo hadi mlangoni, alikosimama mama yake Enid, Bi Hindle, na mashine zake.

Bi Hindle alizima mashine zake zote. Jambo hilo halikuwahi kuonekana. Akautembea ukumbi mzima, akasimama mbele ya bintiye, akamtazama. Hakumpiga wala hakumtukana. Akamgeuzia mgongo.

Kwa watu wengine mgongo ni mgongo tu. Kwa wafumaji ni mlango uliofungwa na ufunguo ukatupwa mtoni. Asiyekutazama huwezi kumwambia kitu. Mgongo ule Enid aliubeba mpaka mtoto alipozaliwa, ndipo mama yake akageuka, akamchukua mjukuu, yakaisha. Mtoto mwenyewe ni Alan, yule mwenye upara.

Yakaisha kwa mama. Kwa Bessie hayakuisha. Enid aliuchukua mgongo wa mama yake, akampa Bessie. Aliomba ahamishiwe mashine nyingine. Waliishi mtaa mmoja, katika nyumba za mawe za Mzee Josiah Crabtree, yule mwenye kiwanda aliyejenga kila kitu hapa isipokuwa baa, na sanamu yake mpaka leo imenyoosha kidole kuelekea baa ya ng'ambo. Wamezeeka, wamefiwa na waume, kiwanda kimefungwa. Bessie akifungua mdomo, Enid anageuka. Dukani anageuka. Kanisani anageuka. Kwenye mazishi ya Harold nilimwona Bessie akija na keki yake ya tangawizi, akafungua mdomo, na shemeji yangu akaanza kukagua mti.

"Shemeji," nikamwambia, "mti huo utaukagua mpaka lini?"

"Mpaka uanguke, Clifford. Na ukianguka nataka uwe umesimama chini yake."

Halafu Bessie akaugua koo. Walimpasua, akapona, lakini sauti wakaiacha hospitali. Binti yake, Pauline, akanijia hapa analia.

"Ba'mdogo Cliff, Mama hali. Anasemasema na midomo, hatumwelewi. Nikimpa kalamu na karatasi anavitupa."

"Utampaje kalamu mtu aliyekuwa anaongea kutoka ukuta hadi ukuta?"

"Nimpe nini basi? Kila siku anakaa dirishani anatazama mlango wa Bi Enid. Naogopa atakufa hivi hivi, na sisi tumejaa nyumbani, na hana wa kuongea naye."

Mimi midomo naisoma, ila kama ninavyosoma kitabu, kwa kurukaruka. Na upande wa huku Enid naye masikio yalishamfia, kama ya wafumaji wote. Watu walikuwa wanampigia kelele kana kwamba yuko baharini. Mwaona mambo hayo? Mmoja hasemi, mwingine hasikii, na kati yao barabara ambayo hata kuku anaivuka.

Mkataeni Mungu mkitaka, lakini mwezi huohuo vijana wa makumbusho, waliobakiwa na chumba kimoja cha kiwanda na mashine mbili, wakaja kunibembeleza nizitengeneze. Walitaka ziende tena siku ya sherehe ya kijiji, watu waone wazee wao walikula kwa jasho gani. Nikawatengenezea. Walitafuta fundi bonde zima, wakaambiwa yuko mmoja tu. Wakataka na wafumaji wawili. Nikasema niachieni mimi.

"Mwenzangu nani?" Enid akauliza.

"Mama mmoja wa bonde la pili," nikamwambia.

"Jina?"

"Jina refu. Vaa aproni yako."

Siku ya sherehe watu walijaa mpaka madirishani. Enid akasimama, akaifuta mbao ya mbele ya mashine kwa kiganja kama unavyompapasa ng'ombe, akavuta kishikio. Mashine ikapiga! Mpaka meno yakagongana. Watoto wakaziba masikio. Hapo ndipo Pauline akamleta mama yake kupitia mlango wa nyuma, akamsimamisha kwenye mashine ya pili, ile inayopeana mgongo na ya Enid. Bessie akavuta kishikio chake.

Enid akainua macho aangalie nyuzi, akamwona. Akanitafuta mimi. Sikuhitaji kusoma midomo kujua aliniitaje. Lakini mfumaji haachi mashine inayokwenda, ni aibu kuliko kwenda kanisani na nguo ya kulalia. Kwa hiyo akabaki, macho kayazamisha kwenye kitambaa, hayainuki. Mgongo hakuweza kuutoa, akatoa utosi.

Hili linalofuata naliandika nimeziba mdomo kwa mkono. Asubuhi ile, kabla watu hawajaja, nilichukua kisu changu kidogo nikaparuza nyuzi mbili za Enid, kule nyuma, upande wa Bessie. Kidogo tu. Zisikatike mara moja.

Haya, mkono nimeutoa.

Nyuzi zikakatika zenyewe, maskini, ni kuukuu. Enid akazima mashine. Kabla hajazunguka, Bessie alishazima yake, kainama, vidole vimeshika ncha, vinafunga lile fundo la wafumaji ambalo hulioni likifungwa. Mara ya kwanza fundo likamtoka, nikaogopa. Ya pili likashika. Na kijijini petu desturi ni moja, ya tangu Mzee Josiah akiwa hai: aliyefungiwa uzi na mwenzake lazima amtazame usoni na atikise kichwa kwa shukrani. Unaweza kumchukia, unaweza kumdai, unaweza kuwa umeibiwa mume. Utamtazama.

Nikaona shingo ya Enid inakataa. Wallahi niliona. Pauline kanishika mkono, kucha zimeniingia. Mashine zote kimya, watu wanadhani ni sehemu ya maonyesho, mmoja akaanza kupiga makofi, nikamkanyaga.

Enid akainua uso. Akatikisa kichwa mara moja, kwa deni la uzi tu. Lakini alipotikisa, Bessie akawa ameshafungua mdomo.

Safari hii hakugeuka. Alitazama. Kidevu chake kikaanza kucheza, nami nilidhani ni hasira. Bessie alisema kwa muda mrefu, mabega yanapanda na kushuka. Alipomaliza, Enid akajibu kwa mtindo wa zamani, uso umevutika, bila sauti, na hayo niliyasoma yote bila kuruka: "Mama alikusamehe siku ile Alan alipozaliwa. Mimi ndiye niliyechelewa. Unakula? Mbona umekonda hivyo?"

Kisha wakawasha mashine, wapate faragha.

Tangu hapo Bessie anakula, tena nyumbani kwa Enid, mbaazi na chipsi, kila siku. Hata sasa wako pale dirishani wote wawili, midomo inakwenda, chumba kimya kama kaburi, na wanacheka mpaka vikombe vinatikisika. Naamini wanamcheka mtu fulani.

Sasa mnataka kujua Bessie alisema nini siku ile. Nitawaambia, kwa sababu niliyaona kwa macho yangu haya mawili, neno kwa neno. Alisema: "Enid, mwenzangu, nimekosa. Miaka yote hii nimebeba neno moja mdomoni kama kaa la moto. Na kama si shemeji yako Clifford, fundi hodari kuliko wote waliowahi kushika spana bonde hili, mtu mwenye moyo wa—"

Dirisha limefunguliwa kwa kishindo.

"Wee Clifford! Futa hayo! Ulikuwa umesimama nyuma yake, tena na Pauline kakushika mkono. Midomo ya Bessie uliisomea wapi, kisogoni?"

"Shemeji, mimi naandika barua ya—"

"Na mbona muda ule uliziba mdomo? Uliandika nini pale? Bessie anauliza pia!"

Haya, yafutwe, yafutwe. Ya Bessie na yabaki ya Bessie. Lakini umati uliolia siku ile, machozi mpaka mto ukajaa, hata meya mwenyewe akavua kofia yake akaja kunibusu mimi shavu la ku—