Jiwe Jeusi na Samaki wa Mama Léoncie

Pale Ndosho, mutaa wa Goma, ukiuliza mahali pa kupata taa nzuri, hawakutajii jina la duka. Wanakunyooshea mukono tu: "Pita pale kwenye jiwe." Jiwe lenyewe ni kipande cha volkano, jeusi, kubwa kama kichwa cha mutoto. Linakaa juu ya meza ya Mama Léoncie Nyirakamana tangu alipoacha kuuza mishumaa akaanza kuuza taa.

Sisi watu wa Goma, tukichagua taa, tunaikazia macho. Ile inayotutoa machozi tunasema hiyo ndiyo ya nguvu. Mama Léoncie hakubali. Anamushika mununuzi mabega, polepole, anamugeuza.

"Taa haiangaliwi usoni, papa. Angalia jiwe."

Maana nyumba zetu nyingi zimejengwa kwa mawe haya haya, na jiwe jeusi linakunywa mwanga kama udongo mukavu unavyokunywa maji. Taa inayotosha kwenye ukuta mweupe, hapa inakuwa kama kibatari. Kisha anakufundisha kusoma maandishi ya boksi: wati ni kile taa inakula, lumeni ni kile inatupatia sisi. Na ziko taa zinazokula sana na kutoa kidogo. Hayo yote alijifunza peke yake, yeye aliyeishia darasa la sita kule Masisi, akisoma vile anavyosoma Biblia yake kila asubuhi, kidole chini ya neno.

Kwa hiyo wanawake wauza samaki walipopata hangari yao mpya, ya mawe, yenye madirisha membamba, walimwendea yeye. Aliwachagulia projekta nane, zile taa bapa za kufunga ukutani, zenye lumeni nyingi kuliko zote dukani mwake. Siku ya kuziwasha, hangari iling'aa mpaka kwenye pembe. Wakapiga vigelegele, wakamushukuru Mungu.

Wiki mbili hazikuisha. Kiongozi wao, Mama Marie-Claire, akasimama mulangoni mwa duka na tilapia moja kwenye beseni.

"Léoncie, dada yangu, taa zako ziko zinatuua."

"Zimezimika?"

"Zingezimika ingekuwa heri. Ziko zinawaka sana, na samaki wote wanafanana na maiti. Huyu ametoka ziwani, Vitshumbi, leo asubuhi. Mununuzi anafungua mashavu, anaona rangi ya kahawia, anasema nimemuwekea wa juzi. Sasa kila mutu anabeba samaki, anatoka naye inje, anamuangalia kwenye jua. Na wengine hawarudi."

"Wanakimbia na samaki?"

"Samaki wanarudisha. Wao wenyewe njo hawarudi."

Akaeleza walivyokubaliana. Watangoja mpaka Jumamosi. Ikiwa mambo ni yale yale, watazishusha taa zote nane na kuzipanga mbele ya duka hili. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma zaidi. Mama Léoncie aliziona tayari: taa nane mbele ya jiwe lake, na Ndosho yote ikipita. Baada ya hapo, nani angekubali kugeuzwa mabega?

"Ama utuwekee zile za rangi ya waridi," Mama Marie-Claire akasema, sauti chini, "kama za muchinjaji wa kule barabarani. Kwake hata nyama ya juzi inacheka."

"Hapana, mama. Huo ni uongo wa umeme. Niachie huyu samaki."

Alimuomba Mungu kwa maneno machache. Akashusha pazia, akamulaza tilapia juu ya jiwe, mashavu wazi, akaanza kuwasha taa zake moja moja. Valentin, anayeshona viatu upande wa pili wa njia, akachungulia.

"Mama Léoncie, leo samaki njo mununuzi?"

"Ndiye. Na hanisumbui kama wewe."

Taa ya kwanza: kahawia. Ya pili: kahawia. Ya tano hata ilimufanya samaki awe kijivu. Ya sita, mashavu yakawa mekundu. Akainua pazia, akamutoa samaki kwenye jua, akamurudisha. Nyekundu ile ile.

Na taa hiyo haikuwa ya nguvu kuliko zote. Akavaa miwani, akaweka maboksi mawili pamoja, akatembeza kidole. Chini ya lumeni kulikuwa na mustari mudogo ambao miaka yote aliuruka: herufi mbili, Ra, na namba. Kwenye boksi la taa za hangari, sabini. Kwenye hili, tisini na mbili. Karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa ndani ilisema kwamba namba hiyo inaonyesha jinsi taa inavyotoa rangi kwa ukweli, na kwamba mwanga wa jua ni mia.

Akakaa kwenye kiti. Jiwe jeusi halina nyekundu. Lilimwambia siku zote kama mwanga ni mwingi ama ni kidogo. Kama ni wa kweli, lingejuaje?

Ijumaa mafundi walishusha zile nane, wakafunga kumi za aina ile ya sita, chini zaidi, juu kidogo ya meza. Mama Léoncie akasimama mbele ya wanawake wote. "Kosa ni langu," akasema. "Nilipima wingi, sikupima rangi."

Jumamosi alifika mapema. Akamwomba Mama Marie-Claire achanganye samaki mumoja wa jana kati ya wale wa leo.

"Unataka kunivua nguo mbele ya banunuzi?"

"Nataka taa ijaribiwe, mama."

Akaingia Papa Munyakazi, mwenye restora, mutu mugumu ambaye kila mara alikuwa wa kwanza kubeba samaki kwenda mulangoni. Akafungua mashavu ya mumoja, ya wa pili, ya wa tatu. Wa nne akamuweka kando.

"Huyu ni wa jana."

"Ni wa jana," Mama Léoncie akajibu.

Muzee akautazama mulango, na jua lililokuwa inje. Akawatazama samaki. Miguu yake haikutoka pale.

"Nipimie hawa kumi na wawili," akasema.

Mama Léoncie akarekebisha kitambaa chake kichwani, akapita katikati ya meza akitembea kama mutu anayetoka kwenye komunyo.

Tangu siku ile, Mama Marie-Claire anamutumia tilapia mumoja kila Jumamosi. Munguakonkwa, mume wa Mama Léoncie, anapenda kusema hakuna duka lingine Goma ambako kipimo kinaliwa jioni na ugali. Na mununuzi akiingia, akianza kukaza macho kwenye taa, mikono ile ya upole inamushika mabega.

"Geuka, papa. Angalia jiwe. Haya, sasa angalia samaki."