Kikohozi changu kimeniumbua mbele ya wasomi

Leo nimeaibishwa na kikohozi changu mwenyewe. Chekeni tu.

Mnajua niko huku ugenini, Braamfontein, kwa mafunzo ya utafiti baada ya PhD. Mada yangu: kwa nini sisi wahamiaji tunachelewa kwenda kliniki.

Basi asubuhi nilikuwa nawasilisha. Suti imenyooka, sauti kama mtangazaji wa redio. Kwenye skrini nikaweka maneno ya mama mmoja mhamiaji wa mtaa wa Hillbrow: "Nitaenda wiki ijayo, kazi ikipungua."

Nikasema, "Sentensi hii inaua watu."

Halafu nikakohoa. Nikakohoa tena. Nikanywa chai yangu ya tangawizi, eti dawa.

Profesa wangu, mama mpole sana, akauliza, "Hicho kikohozi cha tangu mwezi uliopita umekipeleka kliniki?"

Nikajibu bila kufikiri: "Nitaenda wiki ijayo, kazi ikipungua."

Eish! Ukumbi mzima ukageukia skrini.

Sasa niko kliniki. Profesa amekaa kando yangu, anasema haniamini. Muuguzi ameniuliza kwa nini nimechelewa hivi.

Swali nililolisomea miaka yote hii, jamani!

Na wewe unayecheka hapo, lile jino lako linalouma vipi, nalo wiki ijayo?