Mkono Ule Haukukatwa Mara Mbili

Ukisoma karatasi zinazopelekwa kwa bima, utadhani Makueni kuna watu waliokatwa na panga ileile mara mbili, mahali palepale, kabla hata kidonda cha kwanza hakijafunga. Mimi ni karani wa bili katika hospitali ndogo ya kibinafsi mjini Wote. Karatasi hizo nikikutana nazo hucheka kwanza, halafu nakasirika.

Kazi yangu ni kuyapa maradhi namba. Kila ugonjwa una namba yake, na kila kazi ya daktari au nesi ina yake. Bima hailipi kilio cha mtu, inalipa namba. Sasa, mtu akishonwa kidonda kwetu, namba ya kushona inabeba safari nzima, pamoja na siku ya kurudi kutolewa nyuzi. Siku hiyo haidaiwi tena. Akiwa alishonwa kwingine, hapo ndipo kuja kwake kunapata namba yake, nayo inasema wazi kwamba amekuja kutolewa nyuzi, si kwamba amekatwa. Hakuna cha ajabu hapo. Lakini keshia akiwa na haraka anaandika kidonda upya, bima inauliza kwa nini ilipe kitu ilichokwisha kulipa, inakataa, na mgonjwa anaambiwa atoe pesa mfukoni.

Nililisema jambo hili kwenye mkutano wa wafanyakazi mpaka wenzangu wakaanza kukohoa. Meneja wetu alinijibu kwamba nesi hatoi nyuzi bure, naye ana mshahara. Nilimwambia mshahara huo ulishahesabiwa siku ya kushona. Akasema tutaliangalia. Nilijua maana yake.

Siku moja ya soko nilitoka kunywa chai nikakuta keshia anaifunga faili ya mama mmoja wa Tawa. Nilimkumbuka vizuri. Alikuwa amejikata akikatia ng'ombe majani, chini kidogo ya kidole gumba cha mkono wa kulia, na siku aliposhonwa hakulia, alimuuliza daktari tu kama atasuka tena. Alikuwa msusi wa vyondo, vile vikapu vya katani. Daktari alimwambia atasuka, bora arudi nyuzi zitolewe vizuri.

"Yuko wapi?" nikauliza.

"Bima imekataa. Nikamwambia alipe cash, akasema wacha tu."

"Wacha tu nini?"

"Wacha tu. Ameenda soko kwa wenzake."

Damu ilinichemka. Si kwa ajili ya keshia, kijana wa watu alikuwa anafuata alichofundishwa. Ni kwa sababu nilijua kabisa yule mama alikuwa anaenda kufanya nini huko sokoni, na nilijua kwa sababu ya mama yangu.

Mama yangu ni wa upande wa Tulia, kule Kitui, na alikuwa fundi wa vyondo ambaye wanawake wengine walimletea kazi zao azikague. Nilipokuwa shule alijikata kidole gumba, akashonwa katika zahanati fulani, na siku ya kutolewa nyuzi akarudishwa kwenye dirisha la malipo kama huyu alivyorudishwa. Akaenda zake. Jumapili baada ya ibada, wanawake wa kikundi chake walikaa nyuma ya kanisa na wembe mpya na sindano ya kusukia, wakamtoa nyuzi wenyewe, huku wakicheka. Hao ni watu wanaoishi na uzi mkononi. Uzi gani ungewashinda?

Ila msusi ana mkono wake. Hakati uzi katikati, anaona ni kuuharibu. Anakata ncha, kisha anauvuta wote utoke mzima. Kwenye kiondo ni ustadi. Kwenye nyama unaburuta fundo na uchafu wa nje kupita ndani ya kidonda. Kidole cha mama kilivimba, kikatoa usaha, kikapona kikiwa kigumu, hakikunjiki. Tangu hapo hajawahi kukaza katani ipasavyo. Na ukimuuliza, anasema katani za siku hizi ni mbaya. Miaka yote hiyo ni katani. Hakuna siku alisema ni kidole.

Niliifungua ile faili, nikafuta kidonda cha pili, nikaandika kwamba mama huyu amerudi kwa kazi iliyokwisha kulipwa. Kisha nikaingia ofisini kwa meneja bila kubisha.

"Namrudisha mgonjwa," nilisema. "Hatalipa. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikirudi."

Alinitazama kama anayetazama mvua imeanza kabla ya nguo kuanuliwa. Sikungoja jibu.

Nikawakuta sokoni, yeye na wenzake, chini ya turubai, vyondo vimepangwa mbele yao. Yule mama alikuwa ameunyoosha mkono juu ya goti la mwenzake, bandeji imeshafunguliwa. Wembe ulikuwa bado ndani ya karatasi yake. Nilishukuru Mungu kwa sauti, na wote wakageuka.

"Mama, rudi hospitali. Nimerekebisha. Hulipi chochote."

"Saa hii hulipi, nikifika mnasema ingine," alisema, bila hasira. "Mwanangu, nimesuka tangu niwe msichana. Hii ni stichi tu."

"Hata mama yangu alisema hivyo. Akatolewa na wenzake wa kikundi, huko Tulia. Sasa kidole hakikunjiki."

Mwenzake mwenye wembe akaguna. "Hiyo ni maneno yenu ya hospitali. Mpigie, tumsikie mwenyewe."

Hapo nilikwama. Nilijua mama atasema nini. Atasema katani, na yule mwanamke atafungua wembe wake. Lakini nikikataa kupiga, nitaonekana mwongo mbele ya soko zima. Nikapiga moyo konde, nikapiga simu na kuweka sauti nje.

"Mwaitu," nilimwita kama tunavyoita mama nyumbani, "niko na mama hapa wa kusuka, ameshonwa mkono. Anataka wenzake wamtoe nyuzi. Anauliza kama wewe zilikutoka vizuri."

Nikasikia kuku wake kwa nyuma.

"Ni mkono gani?" mama akauliza.

"Wa kulia. Chini ya kidole gumba."

Wale wanawake waliinamia simu.

"Mwambie arudi hospitali," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwa nimewahi kuisikia hivyo. "Mwambie katani haina shida. Ni hiki kidole changu. Wale marafiki zangu walinipenda, lakini waliniharibu."

Yule mwenzake aliurudisha wembe kwenye mkoba, polepole, akaanza kumfunga rafiki yake bandeji. Mimi nilikuwa natokwa na machozi na sikuona haya.

Tulirudi pamoja. Meneja alikuwa amesimama kando ya dirisha, mikono mfukoni. Nilimpita na mgonjwa wangu, nikampeleka moja kwa moja kwa nesi. Hakutuzuia. Nesi aliinua kila fundo kwa kibano, akakata uzi karibu kabisa na ngozi, akauvuta ili sehemu iliyokuwa nje isipite ndani ya nyama. Yule mama hakupepesa macho. Aliangalia kazi ile yote kama anayenunua kitu, na mwisho akasema, "Kumbe mnakata katikati." Kisha akakunja kidole gumba, akakikunjua, akakikunja tena.

Keshia alikuja kusimama mlangoni. Nikamwonyesha mkono ule. "Umekatwa mara ngapi?" nikamuuliza. Akatabasamu kwa aibu, akaenda kufunga faili.

Jioni, nikiwa napanga karatasi nitoke, simu ililia. Ni mama.

"Ametolewa?"

"Ametolewa, mwaitu. Vizuri kabisa. Anakunja."

"Anakunja," alirudia. Nikasikia anavuta pumzi. "Na hiki changu, bado daktari anaweza kukiangalia? Ama kimezeeka? Sijui hata mtakiandika aje."

Niliketi tena kwenye kiti changu. Kompyuta ilikuwa bado haijazimwa.

"Njoo Jumatatu," nilimwambia. "Kuandika niachie mimi."