Audio saba ya Mama Odile

Leo nimedanganya mama moja muzee mbele ya kanisa, na sisikie hata haya.

Ni Mama Odile, jirani yetu wa quartier Hewa Bora. Hajue kuandika.
Groupe yetu ya ku telefone ni ya hadisi, na miye njo admin. Niliweka règle, sheria yangu: maandishi tu.
Audio yake nilikuwa nafuta bila kuisikiliza.
Groupe iko propre, safi kabisa. Mwezi muzima hakuna muntu ameandika hadisi.

Leo pale kanisani akanishika mukono:
« Mutoto wangu, nimetuma mara saba. Inafikaka? »
« Ni réseau ya telefone, mama. »
« Basi nitatuma tena. »

Imefika sasa hivi. Kidole iko juu ya « supprimer », ya kufuta. Mweye mungefanya nini?

Nimeifungua. Inaanza hivi: « Batoto bangu, réseau ilikuwa mubaya. Tuanze tena. »